Mashine Ikizima Ghubani: Kwanza Nanga, Pili Watu, Tatu Mashine

Wiki hii naomba niiweke kando siasa ya kaunti. Nataka kujibu swali nililoulizwa na wasomaji wawili, kila mmoja kwa wakati wake. Wa kwanza ni kijana wa Ozi aliyenunua boti ya faiba kwa mkopo wa chama. Wa pili ni mama wa hapa Garsen ambaye wanawe husafiri kwa bahari kwenda Lamu na Pate kila shule zinapofungwa. Swali lao ni moja: mashine ikizima katikati ya maji, mtu afanye nini?

Nalijibu kwa sababu ni kazi yangu. Nilisomea diploma ya ufundi wa mitambo Mombasa, na kwa zaidi ya miaka 15 nimekuwa nikitengeneza pampu za mashamba na mashine za boti hapa Garsen. Lakini nalijibu pia kwa sababu nyingine ambayo sijapata kuiandika hapa. Siku moja mashine niliyoitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe ilizima Ghuba ya Ungwana, na mimi nikiwa ndani ya boti.

Ilikuwa mwezi wa Septemba, kusi limeanza kupungua lakini halijalala. Tuliondoka Kipini alfajiri maji yakijaa, maana mlango wa Kipini hauna mchezo. Mto unaleta tope, bahari inarudisha mchanga, na maji yakiwa yametoka mawimbi huvunjika pale kama ukuta unaoporomoka. Boti ilikuwa ya futi 24, mashine ya nguvu za farasi 40, watu tisa, magunia ya mchele na mikungu ya ndizi. Nahodha alikuwa mjomba wangu, ndugu ya mama, mzee aliyeanza bahari kwa mashua ya tanga kabla ya mimi kuzaliwa.

Tulipokaribia Tenewi mashine ikakohoa mara tatu, ikanyamaza.

Mimi ndiye fundi, kwa hiyo niliirukia. Nikavuta kamba ya kuwashia. Nikavuta tena. Nikavuta mpaka kiganja kikachubuka. Wakati huo boti ilikuwa imegeuka ubavu, maji yanaingia kwa kila wimbi, abiria wamesimama wote upande mmoja wanatazama mwamba, na mimi sijui lolote kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye mashine. Nikasikia sauti ya mjomba, wala hakupaza:

"Wata kamba hiyo, mwanangu. Tia nanga kwanda."

Nanga iliposhika, mwamba ulikuwa karibu kiasi cha kuwaona ndege waliotua juu yake. Mjomba akawakalisha abiria chini, akampa kijana mmoja ndoo afue maji, akahesabu watu kwa sauti. Kisha akanigeukia: "Haya fundi, sasa ni zamu yako."

Nilifungua kichujio cha mafuta nikakuta maji. Petroli tulinunua kwa mitungi kando ya barabara, na mtungi mmoja ulikuwa umechukulia maji kabla ya kutiwa mafuta. Nikamwaga, nikasafisha kabureta. Zikabaki plagi, nazo zilikuwa zimelowa. Nikafungua sanduku kutafuta spana ya plagi, sikuiona. Niliiacha Garsen, juu ya meza yangu ya kazi, siku niliyoifanyia mashine ile ile sevisi. Nikajaribu kwa plaisi. Plagi moja ikatoka, ya pili ikavunjika kauri yake mkononi mwangu. Safari ya mashine ikaishia hapo.

Tulikaa juu ya nanga kama saa tatu. Aliyetutoa alikuwa mvuvi na mashua yake ya tanga, kitambaa chenye viraka, hana hata mashine ya akiba. Alitutupia kamba akatuvuta mpaka Lamu. Tulifika wakati watu wanatoka kuswali Alasiri. Farasi 40 zikavutwa na tanga bovu.

Tangu siku hiyo kila ninachowafundisha vijana kuhusu mashine nakianza na maneno ya mjomba.

Jambo hili latuhusu sisi wa Tana

Kuna watakaosema, Garsen na bahari wapi na wapi? Sisi ni watu wa barabara, tuna lami mpaka Lamu. Ni kweli. Wazee wetu walikuwa wakivuka mto hapa kwa pantoni ya kuvutwa kwa kamba, na leo mabasi yanapita darajani bila hata kupunguza mwendo. Lakini mvua haisomi ramani ya barabara. Mafuriko ya El Nino ya 1997 na 1998 tunayakumbuka. Novemba 2023 maji yaliikata tena barabara ya Lamu pale Lango la Simba karibu na Gamba, na mtu aliyetoka Mombasa na begi lake akajikuta anashushwa kwenye basi anapandishwa kwenye boti. Huku kwetu, maji ya Masinga na mabwawa mengine ya juu yakifurika, tunayaona siku kadhaa baadaye hata kama hapa hakuna tone la mvua.

Aprili 2024 mashua iliyokuwa ikivusha watu kwenye mafuriko eneo la Kona Punda, upande wa Madogo, ilipinduka. Watu 23 waliokolewa, na wengine hawakurudi makwao. Sisemi kwamba chanzo kilikuwa mashine. Sikuwepo, na si kazi yangu kuhukumu. Nasema tu kwamba kila mafuriko yakija, boti za uvuvi hugeuka kuwa matatu kwa usiku mmoja, na anayeziendesha mara nyingi ni kijana ambaye jana alikuwa akibeba samaki.

Ongeza wale wa Delta wenyewe: Ozi, Kau, Chara, Kipini. Kwao boti ndiyo barabara, mvua inyeshe isinyeshe. Mama mjamzito anatolewa kwa boti, mchele unatoka kwa boti, maiti inasafirishwa kwa boti. Na kutoka Kipini kwenda visiwani, iwe Lamu, Manda, Pate au Kiwayu, ni ghuba iliyo wazi. Kusi likivuma linakusukuma kwenye ufuko na miamba. Kaskazi likivuma linakurudisha kusini ukiiacha safari yako nyuma. Kwa vyovyote, chombo kisicho na nguvu hakisimami kikasubiri fundi. Kinakwenda, na hakiulizi unataka kwenda wapi.

Nanga kabla ya kamba ya kuwashia

Mashine ikizima, jambo la kwanza ni kukizuia chombo. Hata kama unadhani tatizo ni dogo. Dakika tano za kuvuta kamba kwenye mkondo wa mto uliofurika ni umbali mrefu, na mbele kuna gogo, kuna nguzo ya daraja, kuna boti nyingine.

Nanga ifungwe omo, kamwe isifungwe tezi. Nimeona vijana wakifunga nyuma kwa kuwa ndiko waliko wao na mashine. Boti iliyofungwa nyuma huupa mkondo na mawimbi upande wake ulio chini na mzito zaidi, na maji huingia juu ya mashine mpaka inazama. Omo limechongwa kupasua maji, basi lielekeze kwenye maji.

Kamba iwe ndefu. Hapa ndipo wengi hukosea, maana kamba ni ghali na nanga fupi inaonekana inatosha bandarini. Kanuni ni mara tano ya kina, na upepo ukiwa mkali hata mara saba. Kina kikiwa pima tatu, unataka pima 15 za kamba. Sababu ni rahisi: nanga inashika ikivutwa kwa mlalo. Ikivutwa kwenda juu inang'oka kama jino. Mnyororo mfupi kati ya nanga na kamba husaidia kuilaza chini, na pia kamba haikatwi na mwamba.

Huku mtoni, kama kina ni kifupi, upondo unaweza kukushikilia kwa muda, au ufunge kwenye mti wa ukingoni. Lakini usimruhusu mtu kujitosa kuivuta boti kwa mkono. Maji ya Tana ni ya udongo, huoni kilicho chini, na mamba na viboko wenyewe hawahitaji kutangaziwa kwamba umeingia.

La pili ni watu. Waketi chini, katikati, wasiruke upande mmoja. Maboya yavaliwe sasa, yasikaliwe kama mito. Wahesabu. Mpe mmoja kazi ya kufua maji, mmoja kazi ya kutazama mbele. Mtu mwenye kazi hapati nafasi ya kupiga mayowe, na mayowe ya mmoja huamsha tisa.

Hapo ndipo unapoigeukia mashine.

Jinsi ya kuisikiliza mashine

Mashine haizimi bila kusema. Jinsi ilivyozima ndiyo dalili ya kwanza, na dalili hiyo inakuokolea nusu saa ya kufungua misumari isiyohusika.

Ikizima ghafla kama taa, fikiria umeme. Anza na kile kikamba chekundu chenye klipu cha kuzimia. Usicheke. Mara nyingi mashine "mbovu" iliyoletwa kwangu kwa punda au pikipiki ilikuwa klipu tu, abiria ameikanyaga ikachomoka. Kisha tazama nyaya za plagi kama zimekaa, kisha toa plagi. Ikiwa nyeusi na imelowa, ifute, isugue, au weka mpya. Plagi mpya mbili kwenye sanduku, zikiwa ndani ya chupa kavu ya plastiki, ni bima ya bei rahisi kuliko zote. Pamoja na spana yake! Nalirudia hili la spana kwa uchungu.

Ikikohoa kisha ikafa polepole, fikiria mafuta. Fungua ile skrubu ya hewa juu ya kifuniko cha tangi, maana ikifungwa tangi hujinyonya na mafuta hayatoki. Bonyeza pira ya mpira kwenye mpira wa mafuta: ikibaki laini, hewa inaingia mahali, ikiwa imebonyea na hairudi, kuna kizuizi upande wa tangini. Fungua kichujio. Maji hukaa chini ya petroli, utayaona kama tone la kioo. Yamwage, kisha fungua skrubu ya chini ya kabureta umwage na ya humo. Maji haya yanatoka wapi? Mitungi yetu. Kwa hiyo mafuta yapitishwe kwenye kitambaa safi na faneli kabla ya kuingia tangini, na ukiweza uache mtungi utulie usiku kucha, usiimimine ile sehemu ya mwisho.

Mashine nyingi za viharusi viwili hutaka sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili, yaani nusu lita kwa lita 25. Soma kitabu cha mashine yako. Kukisia kwa macho ndiko kunakoua pistoni.

Ikiwa inawaka lakini haikojoi, zima mara moja. Yale maji membamba yanayotoka ubavuni ndiyo dalili kwamba mashine inapozwa. Huku kwetu ugonjwa huu ni mkubwa kuliko kwa watu wa bahari safi, kwa sababu Tana ni tope. Tope huziba matundu ya kuingilia maji, mfuko wa plastiki hujibandika, na mchanga hula ile impela ya mpira inayosukuma maji ndani. Inua mashine, ondoa uchafu, ingiza waya mwembamba kwenye tundu la mkojo. Ikiwa imeshachemka, iache ipoe mpaka uweze kuigusa kwa kiganja. Usiimwagie maji baridi, chuma cha moto kitapasuka. Mimi huwashauri wanaofanya kazi mtoni wabadilishe impela kila mwaka, hata kama bado inaonekana nzima.

Ikiwa inanguruma vizuri lakini boti haiendi, tazama rafadha. Mashine nyingi ndogo zina pini laini iliyowekwa makusudi ivunjike ukigonga gogo, ili gia zipone. Na baada ya mafuriko, Tana ni mto wa magogo. Chukua pini tatu au nne za akiba na zile pini za kupinda za kuzuia. Msumari usiutumie ila kama ni wa kukufikisha ukingoni, na ukifika utoe. Msumari mgumu hauvunjiki, kwa hiyo siku utakayogonga gogo la pili kitakachovunjika ni gia, na bei ya gia ni bei ya mbuzi kadhaa.

Mashine iliyozama

Hili huulizwa sana baada ya mafuriko. Boti imepinduka, watu wametoka salama alhamdulillahi, mashine imeopolewa kesho yake. Mwenyewe anaianika juani wiki nzima "ikauke", kisha analeta kwangu. Hapo huwa imekwisha. Kutu haili sana mashine ikiwa chini ya maji. Huanza kuila pale inapokutana na hewa.

Ukiiopoa, ioshe kwa maji matamu safi saa hiyo hiyo. Toa plagi, igeuze matundu ya plagi yatazame chini, vuta kamba polepole maji yatoke. Ukisikia mkwaruzo wa mchanga, acha, usilazimishe. Maji yakishatoka tia oili kwenye matundu, vuta tena, rudisha plagi kavu, tia mafuta mapya na uiwashe siku hiyo hiyo. Ikiwa huwezi kuiwasha na fundi yuko mbali, fanya jambo litakaloonekana la ajabu: izamishe kwenye pipa la maji matamu mpaka fundi apatikane. Ndani ya pipa haipati hewa, kwa hiyo kutu inachelewa.

Tanga, usukani na tundu

Nije kwenye nguvu ya pili. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Sisi tumeuacha. Boti nyingi zinazotoka Kipini leo hazina tanga, hazina kafi, hazina hata upondo. Zina mashine moja na dua. Dua ni silaha ya Muislamu, sina ubishi. Lakini Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na yule bwana kuhusu ngamia wake, alimwelekeza amfunge kwanza kisha ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Waorma wenzangu hapa Garsen hawahitaji kuelezwa maana ya kumfunga mnyama.

Wako wanaodhani tanga ni umaskini. Joshua Slocum, Mmarekani, aliizunguka dunia peke yake kati ya 1895 na 1898 ndani ya chombo chake Spray, bila mashine yoyote. Karibu zaidi na kwetu, ile Flipflopi iliyoundwa Lamu kwa plastiki iliyotupwa, mwaka 2019 ilisafiri mpaka Zanzibar, tanga juu. Sisemi tuuze mashine. Nasema boti ya mashine iwe na namna ya pili ya kwenda.

Kwa boti ya faiba, turubai imara, upondo mmoja wa kusimama na mwingine wa kulala vinatosha kukupeleka unakoelekea upepo. Hutaweza kwenda joshi kwa turubai, lakini utaweza kuchagua utue kwenye mchanga badala ya mwamba. Na kafi mbili nzuri huigeuza boti omo likatazama wimbi.

Kwa mwenye mashua ya tanga, matatizo ni mengine, nayo yana dawa ya zamani. Tanga likianza kuchanika, lishushe mapema. Mpasuko wa shibiri moja hushonwa kwa dakika kumi, lakini ukiuacha upepo uufanyie kazi utakuwa wa pima mbili. Sindano ya tanga, uzi uliopakwa nta na kipande cha kitambaa vikae kwenye kopo. Foromali ikipasuka huigangwa kama mfupa: unalaza boriti mbili za mkoko ubavuni, unazungusha kamba kwa kukaza, unapandisha tanga dogo zaidi. Shikio likivunjika, kafi moja iliyofungwa tezi hukuongoza, na unapunguza tanga ili chombo kisikushinde nguvu.

Chombo kikipata tundu, la kwanza ni kupunguza maji yanayoingia, si kuyamaliza. Chomeka kitambaa, kandika sabuni ya mche, gongomea kabari ya mbao laini. Kwa ufa wa faiba, kipande cha ndala kwa nje na kingine kwa ndani, skrubu katikati, vinaweza kukufikisha nyumbani. Kwa mbao, kalafati kwa pamba kama walivyofanya wazee, utamalizia na sifa ukifika. Hamisha mizigo ili upande wenye tundu uinuke. Na ikibidi kuchagua kati ya magunia na watu, magunia yaende. Nimemsikia mtu akibishania ndizi huku maji yako magotini.

Sanduku na mtu wa nchi kavu

Sanduku langu sasa lina vitu hivi, na nikipanda boti ya mtu nauliza kama anavyo: spana ya plagi na plagi mbili, bisibisi mbili, plaisi, pini za rafadha, impela moja, kichujio cha mafuta, waya mwembamba, kipande cha mpira wa mafuta na vibanio vyake, kamba ya akiba ya kuwashia, kisu, utepe wa plastiki, sabuni ya mche, kabari, sindano na uzi, tochi, filimbi, kioo kidogo cha kumulika jua. Nje ya sanduku: nanga na kamba yake ndefu, kafi mbili, turubai, ndoo mbili, maji ya kunywa, na boya kwa kila kichwa. Vyote hivyo havifiki bei ya nusu ya mashine kuukuu.

Kanuni ya mafuta ni thuluthi: moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja haiguswi.

Jambo la mwisho halina gharama kabisa. Kabla ya kuondoka, mwambie mtu wa nchi kavu unakwenda wapi, mko wangapi, na mtafika saa ngapi. Mkubaliane kwamba ikipita saa fulani hujapiga simu, yeye hatasubiri mpaka kesho. Atawaambia watu wa BMU, atawaambia Walinzi wa Pwani, atapiga namba ya Msalaba Mwekundu, 1199, ambayo haitozwi pesa. Simu yako iwe ndani ya mfuko usiopitisha maji na izimwe kama huitumii, betri isiishe ukitazama video. Mwenye redio ya bahari, chaneli ya msaada ni 16, dunia nzima.

Siku ile ya Tenewi hatukumwambia mtu. Kule Kipini walijua tumefika Lamu, kule Lamu hawakujua tumeondoka. Lau mvuvi yule angeamua kupumzika siku hiyo, tungekesha pale hakuna anayetutafuta.

Kwa waheshimiwa na kwa vijana

Naona vyuo vya ufundi vya kaunti yetu vinafundisha kushona, kuchomelea vyuma, umeme wa nyumba na pikipiki. Ni vizuri. Lakini kaunti yenye mto mrefu kuliko yote Kenya, yenye Delta na yenye mlango wa bahari, haiwezi kuendelea bila kozi ya mashine za boti. Wiki sita tu zinatosha kumtoa kijana anayejua kufungua kabureta na kutupa nanga. Na kabla ya mafuriko yajayo, BMU na wazee wa vivuko wanaweza kukubaliana bila kungoja sheria mpya: boti isiyo na nanga, kafi na maboya haibebi abiria. Tukianza na kivuko kimoja, vingine vitafuata kwa aibu.

Kijana wangu wa Ozi, boti yako ni riziki, nakuombea baraka. Njoo Garsen siku yoyote isiyo ya Ijumaa nikupe saa mbili, bure. Na mama wa Garsen, siku watoto watakapopanda, nenda nao mpaka bandarini. Mwulize nahodha akuonyeshe nanga, na uitazame kamba yake ni ndefu kiasi gani. Akikasirika, warudishe watoto uwapandishe basi.

Spana yangu ya plagi nimeifunga kwa kamba ndani ya sanduku. Mjomba alipoiona alicheka sana. Kisha akaniuliza kama nanga nayo nimeikagua.